Toa Shairi Hilo Lisomwe!

Wewe unayeandika usiku na kufuta asubuhi, nasema nawe! Wewe uliyeficha beti zako ndani ya simu na kuzipa jina la uongo ili mdogo wako asizifungue! Wewe unayesema mwaka huu najiunga, mwaka huu napeleka, mwaka huu namwendea mtu anifunze, na Desemba inakukuta pale pale!

Sikuhubirii usichokijua. Ulijua tangu kidato cha pili, siku mwalimu aliposoma shairi lako mbele ya darasa na masikio yako yakawaka moto. Ulijua hiki ndicho chako. Ulijua pia kwamba kipaji peke yake hakifiki mbali. Ulijua kwamba iko siku utalazimika kuliweka shairi mezani, unyamaze, uwaache wengine walichambue.

Basi mbona umekaa?

Inuka! Tafuta malenga, tafuta darasa, tafuta wenzako wanne watano wenye njaa kama yako. Leo!

Unaogopa, na ninajua unaogopa nini. Unaogopa mtu atahesabu mizani kwa vidole akute 15 pale ulipoapa kwamba ni 16. Unaogopa atauliza kwa nini kina cha ukwapi kimegeuka katika ubeti wa tatu. Unaogopa atasema: hapa umeboronga sarufi, na wala hukubanwa na mizani, ulikuwa mvivu tu.

Heri aibu hiyo! Heri ikupate ukiwa na miaka 20, mbele ya marafiki watano, penseli ikiwa bado mkononi. Guni lililokamatwa barazani hurekebishwa jioni ile ile. Guni lililochapwa kitabuni litakufuata mpaka kwa wajukuu.

Utaniambia, wakubwa walizaliwa na ushairi, hawakufunzwa na mtu. Nani amekudanganya?

Mtazame Abdilatif Abdalla. Alitiwa gerezani akiwa na miaka 22, kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya inaelekea wapi. Alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972. Hakupewa kalamu, hakupewa daftari, hakupewa mtu wa kumsomea. Aliandika kwenye karatasi za chooni! Na kilichotoka mle, Sauti ya Dhiki, kikachapishwa 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta.

Sasa jiulize: arudhi ile aliipata wapi? Gerezani hakuna anayefundisha vina. Aliingia nayo! Alilelewa na babu yake, Ahmad Basheikh, mwalimu na mshairi. Kaka yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, alikuwa malenga wa Mvita. Kijana yule alikulia ndani ya nyumba ambamo shairi lilisemwa, likajibiwa, likasahihishwa. Mlango wa seli ulipofungwa, darasa lilikuwa limekwisha kumwingia mwilini.

Wewe mlango wako bado uko wazi. Umekaa kizingitini, unatazama simu!

Na yule Kaluta Amri Abedi, unamjua? Mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, pamoja na diwani yake. Alikuwa na miaka 30. Sheria ambazo mafundi walizibeba vichwani na vinywani, yeye akaziweka mahali ambapo hata mtoto wa bara, asiye na babu malenga, angeweza kuzisoma. Baadaye akawa Meya wa Dar es Salaam, kisha waziri. Na mwaka 1964 akafariki.

Hesabu mwenyewe. Miaka kumi tu baada ya kitabu! Angesubiri apate nafasi, asingeipata. Angesubiri amalize siasa, siasa isingemwachia. Angesubiri astaafu, na hakufika umri wa kustaafu.

Nawe unasubiri nini? Laptopu? Chumba chako mwenyewe? Mhemko?

Ninayo huzuni kubwa zaidi, nayo ni ya Muyaka bin Haji. Malenga yule wa Mombasa, ambaye maneno yake yalikuwa silaha katika mapambano ya Mazrui na watawala wa Unguja, alifariki mwaka 1840. Diwani yake ilichapwa mwaka gani? 1940! Karne nzima! Na tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikusanya mashairi yaliyokuwa yakielea katika kumbukumbu za watu, akayaandika, na William Taylor akayahifadhi. Bila Mwalimu Sikujua, leo Muyaka angekuwa jina linalotajwa na wazee wawili watatu wa Mji wa Kale.

Mangapi yalipotea kabla hajafika? Sijui, na hakuna ajuaye. Hilo ndilo linaloniumiza.

Karibu na kwenu yuko bibi anayeghani tenzi bila kitabu. Yuko mzee aliyewahi kutuma mashairi kwenye redio na magazeti, akajibizana na washairi wa mikoa asiyowahi kuikanyaga. Umepita mlangoni kwake mara ngapi? Umempa shikamoo, umepokea marahaba, ukaendelea na safari. Rudi! Kaa chini! Muulize inkisari ni nini, tabdila ni nini, na lini mshairi ana ruhusa ya kuyakata na kuyageuza maneno. Atakuuliza wewe mtoto wa nani. Mjibu, kisha toa daftari.

Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Wapo watakaosema: hayo ni ya watu wa vina, mimi naandika shairi huru, sihitaji kufundwa. Ah! Huo ndio mtego mtamu kuliko yote. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka 1974 kilizua ugomvi mkubwa kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, na mimi nasimama upande wa uhuru wake. Lakini Kezilahabi hakuacha vina kwa kuvishindwa. Aliviacha kwa makusudi, akijua anachokiacha. Je, wewe umeacha nini? Huwezi kutoka katika nyumba ambayo hujawahi kuingia!

Shairi huru linahitaji mkosoaji kuliko hata lile la vina. Kwenye tarbia mizani itakushitaki yenyewe. Kwenye shairi huru, nani atakwambia kwamba mstari wa saba haubebi kitu? Nani atakwambia taswira yako ameitumia kila mtu? Nani atakwambia ukate?

Kundi la WhatsApp halitakwambia. Litakupa vidole gumba, maua na mioyo, na utalala umeshiba upepo. Sifa za bure ni hatari, kijana wangu! Zimewaua wengi waliokuwa na sauti kuliko wewe. Waliambiwa wameiva wakiwa bado wanatokota.

Sasa na tuzo je? Zipo, namshukuru Mungu zipo. Tangu 2014 ipo Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein. Mwaka 2015 Mohammed Khelef Ghassani alipata tuzo ya ushairi ya Mabati-Cornell kwa mswada wa N'na Kwetu. Tangu 2023 Tanzania inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na ushairi umo.

Peleka mswada! Lakini usijidanganye kwamba tuzo ni shule. Tuzo hupima kilichokwisha. Haimwambii aliyeshindwa kwa nini ameshindwa. Haikai naye miezi sita akirekebisha ubeti ule ule. Kijana anatuma, anangoja, halisikii jina lake, anaamini hana kitu, anaacha. Na pengine alikosa mtu mmoja tu wa kumwambia: toa beti nne za mwanzo, shairi lako linaanzia hapa.

Nanyi wenye taasisi, sogeeni, ninalo neno lenu. Acheni warsha za siku mbili! Siku ya kwanza hotuba ya mgeni rasmi, siku ya pili vyeti na picha ya pamoja, na katikati soda. Mshairi hajengwi kwa soda. Chukueni vijana kumi, si mia. Wapeni mwalimu mmoja aliyebobea, mwaka mzima, na nauli ya daladala. Wasome diwani za watu kabla ya kuandika zao. Mwisho wa mwaka wachapieni kijitabu, hata cha kurasa 40. Fedha za mapambo ya ukumbi mmoja zinatosha.

Shikamooni wazee wangu malenga! Nanyi msimcheke kijana akija na shairi lisilo na vina. Mkimcheka leo, kesho hatawaletea hata lile lenye vina.

Nimerudi kwako, uliyedhani nimekusahau.

Usiseme mjini kwetu hakuna mpango wa kulea washairi. Uanzishe! Mwaka 2001, jijini London, mshairi Malika Booker alifungua jiko la nyumba yake kule Brixton, yeye na Roger Robinson, washairi wakakusanyika humo kusoma, kukosoana na kufundishana. Jiko! Kundi lile mpaka leo linaitwa Malika's Poetry Kitchen. Robinson akaja kutwaa Tuzo ya T. S. Eliot ya mwaka 2019.

Wewe huna jiko? Una baraza. Huna baraza? Una kibanda cha kahawa ambacho saa tisa alasiri hakina wateja. Huna kibanda? Una mwembe nyuma ya maktaba ya wilaya.

Fanya hivi, na ufanye leo. Chagua siku moja ya juma, saa moja isiyobadilika, na usiihamishe hata mvua ikinyesha. Kila mtu aje na shairi moja, lililonakiliwa kwa kila aliyepo. Mwenye shairi alisome kwa sauti, kisha afunge mdomo! Asijieleze, asijitetee, asiombe radhi. Wengine waseme walichosikia, walikokwama, ambacho wangekikata. Kila mwezi mleteni mtu mzima mmoja anayejua kuliko nyinyi. Mkihitaji kitabu, someni Muyaka, someni Shaaban Robert, someni Mwana Kupona, aliyemwachia bintiye wosia wake kwa utenzi mwaka 1858, badala ya kungoja binti akue aelewe mwenyewe.

Wawili wakiacha kuja, endeleeni na watatu. Mkigombana kuhusu kituo cha ubeti, gombaneni, kisha mnywe chai. Mkichekwa mtaani, chekeni nao na mrudi juma lijalo.

Majina ya kuwaita unayo. Yamekuja kichwani ulipokuwa ukisoma, usikane! Yule dada wa chuo cha ualimu, yule fundi simu anayeandika maghani, yule mwenzako wa zamani aliyekata tamaa baada ya kukosa tuzo.

Waandikie sasa hivi, kabla hujageuza ukurasa huu. Taja siku, taja saa, taja mahali.

Kisha chagua shairi la kwenda nalo. Si lile lililopata mioyo mingi. Lile jingine, unaloliogopa.