Kigoda Hakiyeyuki

Dhahabu haina kumbukumbu. Simama katika soko la madini la Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019 likawa la kwanza nchini, uutazame mzani. Kipande hiki kimetoka Nyarugusu, kile kimetoka Mgusu, na kile kingine hadi juzi kilikuwa mkufu shingoni mwa mama wa mtu. Vikishapita motoni vyote ni gramu. Mnunuzi hana haja ya kujua nani alizama duarani, kwenye shimo la uchimbaji, nani alisukuma mawe hadi kwenye karasha, nani aliuvaa mkufu siku ya ndoa yake. Angelazimika kuyajua hayo yote kabla ya kulipa, biashara isingekwenda. Dhahabu ina thamani kwa sababu inasahau upesi, na kwa sababu hiyo hiyo inagawika vizuri: warithi watano, mafungu matano, na hakuna anayeweza kudai kwamba fungu la mwenzake limebeba zaidi ya marehemu.

Sasa weka kigoda mbele ya warithi hao hao watano. Kigoda cha Kisukuma, isumbi, huchongwa kwa tezo kutoka kwenye gogo moja. Hakina msumari wala gundi. Miguu, kiwiliwili na kikalio ni mti mmoja. Kikipasuliwa mafungu matano, kila mrithi anaondoka na kuni. Basi wanabaki na njia moja tu: mmoja akae nacho kwa niaba ya wote, na wengine wawe na haki ya kuja kukiulizia. Kwa maoni yangu hapo ndipo uzito wa kitu cha urithi unapokaa. Kinawanyima watu nafasi ya kumalizana. Ng'ombe wakishagawanywa, kila mtu anaswaga wake na anaweza asirudi tena. Kigoda kinabaki kwenye nyumba moja, na nyumba hiyo inakuwa na sababu ya kugongewa hodi.

Anayetoka pwani anaweza kushangaa kwamba urithi wetu Wasukuma ni mdogo hivi. Kule kuna milango ya mbao iliyonakshiwa, vitanda vya samadari, makabati yanayopita vizazi yakiwa kwenye chumba kile kile. Huku nyumba yenyewe ilikuwa kitu cha kuachwa. Wasukuma ni watu wa kuhama. Baada ya mwaka 1947, serikali ya kikoloni ilipoanza mpango wake wa maendeleo ya Usukuma, familia nyingi zilivuka kwenda kufungua mashamba mapya Geita. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji, na watu wakaacha miji yao iliyozungushiwa minyaa na miti waliyoipanda, wakapangwa kwa mistari. Halafu wafugaji wakaanza kushuka kusini na magharibi, Rukwa, Katavi, hadi bonde la Ihefu, wakifuata malisho. Katika safari zote hizo, kilichorithiwa ni kile kilichoweza kubebwa kichwani au kufungwa nyuma ya baiskeli: kigoda, kibuyu cha kusukia maziwa, ngoma, jembe. Jiwe la kusagia lilikuwa zito, lakini najua bibi walioling'ang'ania hata hilo.

Jembe lastahili kusimuliwa zaidi. Zamani, kabla dhahabu haijaipa Geita sifa, chuma ndicho kilichosafiri kutoka nchi hiyo. Warongo, mafundi chuma wa upande wa Uzinza, walichoma mawe ya chuma kwenye tanuri za udongo kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe ambayo yalifika Usukuma na Unyamwezi. Majembe hayo yalilimiwa, na pia yalilipiwa mahari. Ukoo uliyapokea kwa ajili ya binti na kuyatoa tena kwa ajili ya kijana wao alipooa. Lakini jembe huliwa na udongo. Kila msimu linapungua, mpini unavunjika, unachongwa mwingine, hadi bapa linabaki kipande cha upana wa kiganja. Plutarch wa Ugiriki alisimulia kuhusu merikebu ya Theseus, jinsi Waathene walivyokuwa wakitoa ubao uliooza na kuweka mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni merikebu ile ile. Ubishi huo ungeweza kabisa kufanyika chini ya mti Kahama, jembe likiwa katikati.

Jibu langu ni kwamba ni jembe lile lile, maadamu aliyeweka mpini mpya alimwona aliyeweka ule wa kabla yake. Uendelevu wa kitu hauko ndani ya mbao wala ndani ya chuma peke yake. Uko kwa mashahidi. Baba anachonga mpini, mtoto ameshika upande wa pili. Miaka inapita, mtoto yule anachonga, na mwanawe ameshika. Mlolongo huo ukikatika mahali, jembe linaweza kuwa zima kabisa na bado likawa limepotea.

Ndiyo maana ukarabati ni jambo la hatari kuliko watu wanavyodhani. Fundi seremala mmoja wa Kahama, mzee ambaye vijana wa mtaani humpelekea kazi za makochi na milango, ana swali analomwuliza kila anayemletea kitu cha zamani. Nilikuwepo dada mmoja alipofika na kigoda alichokiviringisha kwenye kanga.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka, baba. Nimeleta kigoda cha babu, kinaniharibikia.”

Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akagonga mguu mmoja kwa kidole. Unga mwembamba ukadondoka. Bungua.

“Unataka kiwe kipya, mayu, au kiwe cha babu yako?”

Dada alinyamaza kidogo, halafu akasema anataka kiwe kizima. Mzee akamweleza kwamba kizima kinawezekana kwa njia zote mbili, na njia hizo hazikutani. Akipitisha msasa na kupaka vanishi, kitang'aa, na jirani watasifu. Lakini weusi ule wa kikalio, ule mng'ao laini uliotokana na mafuta ya ng'ombe, moshi na makalio ya miaka mingi, utaondoka pamoja na vumbi la msasa, na hakuna duka linalouza kopo lake. Dada akachagua kiwe cha babu.

Namna alivyokitengeneza niliifuatilia kwa hamu, kwa sababu sikuwahi kuona mtu akifanya kazi nyingi hivyo ili isionekane kazi. Kwanza alieleza kwa nini bungua wameingia. Kigoda kiliishi miongo ndani ya nyumba ya nyasi yenye moto katikati, na moshi uliwafukuza wadudu. Kilipohamishiwa sebuleni kwenye nyumba ya bati na saruji, karibu na televisheni, kikapoteza moshi wake. Na joto la bati likaukausha mti upesi kupita ulivyozoea, ukapasuka ufa kutoka katikati hadi ukingoni. Heshima ya kukiweka sebuleni ndiyo iliyokiumiza. Akachukua bomba la sindano, akaingiza mafuta ya taa tundu baada ya tundu, akakifunga kwenye nailoni, akakiweka kivulini siku kadhaa, akarudia. Ufa hakuubana kwa nguvu. Alisema mti uliobanwa utapasuka kwingine. Akachonga kipande chembamba cha mti wa jamii ile ile, akakipenyeza kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akakisawazisha kwa patasi. Rangi ya kipande hicho ilikuwa nyepesi kidogo kuliko kigoda, na aliiacha hivyo kwa makusudi. Mwisho alipaka samli kidogo kwa kitambaa. Gharama yake ilizidi bei ya kigoda kipya kinachouzwa sokoni, na dada alilipa bila kubishana.

Ile tofauti ya rangi ndiyo iliyonikaa moyoni. Ukarabati wa kweli hausemi kwamba hapakuwa na ufa. Unaingia kwenye historia ya kitu kama mtu mwingine aliyekikalia. Mjukuu atauliza mbona hapa pana mstari, na ataambiwa: hapa palipasuka wakati wa mama yako, na mama yako alikipeleka Kahama.

Pesa za pamba nazo zilileta urithi wa aina nyingine. Enzi za vyama vya ushirika, pamba ikiitwa dhahabu nyeupe, msimu mzuri ulinunua baiskeli, saa ya ukutani, cherehani. Cherehani za Singer za wakati huo bado zinashona kwenye baraza nyingi za Shinyanga, na wanaozikanyaga ni wajukuu wa walionunua. Mkanda umebadilishwa, sindano hazihesabiki, meza imepigiliwa ubao mwingine. Nazipenda kwa sababu hazijawahi kupata nafasi ya kuwa pambo. Kitu kinachofanya kazi hakihitaji kusimuliwa kwa juhudi. Kila anayeleta suruali ikatwe anasikia kilikotoka.

Pale ambapo kazi imekoma, simulizi inahitaji nyumba. Makumbusho ya Bujora, Kisesa karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa kwa juhudi za padri David Clement, yana jengo la watemi, watawala wa jadi, lililojengwa kwa umbo la kigoda cha enzi. Serikali ilipofuta utemi mwaka 1963, ngoma na viti vya enzi vilibaki bila kazi, na Bujora ikawa mahali pa kuvipumzisha. Lakini Bujora kila mwaka kuna Bulabo, sherehe ya ngoma, watu wanacheza, vumbi linatimka. Vitu vile vina majirani wanaoijua lugha yao. Ni tofauti na kiti cha mtemi kutoka Unyamwezi, chenye mgongo mrefu uliochongwa, ambacho kilichukuliwa wakati wa Wajerumani na kikaingia makumbusho ya Berlin. Mbao zake zimetunzwa kwa ustadi ambao fundi wetu wa Kahama angeuonea wivu: joto limepimwa, unyevu umepimwa, bungua hana njia. Lakini hakuna aliye karibu nacho anayeweza kusema, huyu alikuwa babu wa mama yangu. Kimekarabatiwa kila kitu isipokuwa mashahidi.

Na kuna kitu cha Shinyanga kilichopata bahati ya kinyume. Mwaka 1947 mgodi wa Mwadui ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. John Williamson, mwenye mgodi, akamtunuku binti mfalme Elizabeth aliyekuwa anaolewa; ikakatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaizungushia ua la almasi nyeupe. Malkia aliivaa kama bruchi miaka mingi, leo ni urithi wa familia ya kifalme ya Uingereza, na siku nyingi ilipovaliwa zimeandikwa. Kumbe hata jiwe la kuuzwa linaweza kuwa kitu cha ukoo, likipata ukoo wa kulihesabia siku zake. Naitaja kwa sababu inaniuma kidogo: ardhi yetu imetoa vitu vya urithi kwa wengine huku sisi tukivipaka vanishi vya kwetu au kuvitupa nyuma ya nyumba.

Kuvitupa kuna matokeo ambayo hayaonekani mara moja, maana mti wa kuchongea kingine umekuwa adimu. Mapori ya Shinyanga yalifyekwa tangu enzi za ukoloni kuwaondoa mbung'o, kisha yakapisha pamba. Upande wa Geita magogo yanashuka maduarani kuwa matimba ya kuzuia udongo usiwafukie wachimbaji. Sithubutu kulaumu timba linaloshikilia uhai wa kijana chini ya ardhi. Lakini nashukuru kwamba mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulirudi kwenye maarifa ya wazee: ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili liwafae ng'ombe kiangazi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili, kwa sehemu kubwa bila kupanda miche, kwa kuacha visiki vilivyo hai vichipue. Huo nao ni ukarabati wa urithi, na uliwezekana kwa sababu palikuwa na wazee waliokumbuka mipaka.

Nimezungumzia mashahidi, na siwezi kuishia hapo bila kuwataja wajane. Kigoda hukaliwa na mwanamume, lakini nani alikifuta vumbi, nani alikitoa nje mgeni alipokuja, nani anajua kilikotoka? Amri ya sheria ya kimila ya mwaka 1963 iliwaweka mabinti nyuma ya kaka zao katika mirathi na kumwacha mjane mikononi mwa wanawe. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki za wajane wawili walioondolewa kwenye nyumba zao kwa kanuni hizo. Ukoo unaomfukuza mjane huku ukikumbatia kigoda cha mumewe umebaki na mti tu. Shahidi mkuu umemtoa mlangoni.

Katika ukoo wetu kuna kigoda kilichotoka Shinyanga kikaenda Geita wakati babu alipohamia huko kulima pamba. Baada ya msiba wa mwisho tulikaa kikao kirefu. Desturi ilielekeza kwa kaka mkubwa, ambaye anaishi Dar es Salaam na alikuwa na nia njema ya kukipaka rangi na kukiweka kwenye kioo. Shangazi ndiye aliyetueleza mguu mmoja ulivyoungua wakati wa mvua kubwa, na ni ng'ombe gani alitolewa kwa mchongaji. Mjadala ulikuwa mkali na wazee wawili waliondoka kabla ya chakula. Kigoda kimekwenda kwa shangazi, Katoro, kwa makubaliano kwamba baada yake kitakwenda kwa yule kati ya wajukuu, wa kike au wa kiume, atakayeweza kuirudia habari yote mbele ya ukoo. Kaka amekubali, na Desemba analeta wanawe wakakae na shangazi wiki mbili.