Sukari Haiogopi Bunduki

Hapa Kona Baridi, bei ya unga ikipanda hakosi mtu wa kusema: hii nchi inataka mwanajeshi. Anamaanisha mtu asiyechelewa, asiyekula hongo, akisema kitu kinafanyika. Simlaumu. Wenye suti wametuchosha. Lakini je, nidhamu ya kambini inatosha kuendesha uchumi kwa haki?

Jirani zetu Uganda walishajaribu. Mwaka wa 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka yao mengi yakaishia kwa wanajeshi na marafiki wa utawala. Wananchi wakawabatiza mafuta mingi. Katika miaka hiyo ya 1970 Wizara ya Fedha ilishikwa na mwanajeshi, Brigedia Moses Ali. Sukari, chumvi na sabuni zikaadimika. Mwaka wa 1975 serikali ikaunda mahakama ya makosa ya kiuchumi, ambapo mlanguzi angeweza kuhukumiwa kifo. Na bado magendo yakanawiri. Sukari haiogopi bunduki. Anayeogopa ni muuzaji, naye hujificha pamoja na sukari yake.

Sisemi Moses Ali peke yake ndiye aliyeharibu uchumi. Juu yake kulikuwa na Amin, na shida iko hapo hapo. Askari hufunzwa kuwajibika kwa aliye juu yake. Waziri wa fedha anafaa kuwajibika kwa mama anayenunua sukari ya kupima. Hesabu zikienda kombo, nani atathubutu kumwambia, "Hapana, afande"?

Usidhani haya ni mambo ya kale, au ya Uganda tu. Septemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliihamishia KMC, kiwanda cha nyama pale Athi River, karibu tu na Kitengela, chini ya Wizara ya Ulinzi. Mfugaji wa Kajiado aliyechoka kungojea malipo ya ng'ombe wake ana kila sababu ya kushangilia nidhamu. Karo ya watoto haingoji. Lakini kulipwa kwa wakati ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kuuliza kwa nini bei ni hii, na kurudi nyumbani na ng'ombe wako bila woga.

Moses Ali mwenyewe baadaye aliingia bungeni kwa kura za watu wa Adjumani. Mpiga kura huyo ana kitu ambacho mwenye duka wa 1975 hakuwa nacho: anaweza kumnyima kura, kisha akaenda zake kulala.