Je, Samaki Anastahili Ushahidi Wetu?

Ndugu katika imani, mvuvi wa ndoana akipata samaki adimu, je, ana wajibu wa kumtolea ushahidi? Wenzangu ninaovua nao husema hiyo ni kazi ya wataalamu. Mimi sikubaliani nao.

Tazameni Ziwa Victoria. Sangara aliingizwa humo miaka ya 1950. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, aina za furu zinazokadiriwa kufika 200 zilikuwa zimetoweka, nyingine hata jina la kisayansi hazijapewa. Asiye na jina hana wa kumdai. Leo mwenye simu anaweza kupiga picha, kutaja siku na mahali, na kuiweka iNaturalist, ambako wajuzi humtambua samaki.

Qur'ani inakataza kuficha ushahidi. Lakini pana mtihani: nikitangaza mahali alipo samaki adimu, huenda kesho nyavu zikamfuata. Ukweli wangu hautageuka dhuluma?

Naona hivi: ushahidi hutolewa ili kulinda haki, wala si kila sikio linastahili kuusikia. Basi nitaandikisha nilichokiona, na mahali penyewe nitapaficha machoni pa umma. Mtandao huo unaruhusu. Ila kuficha si kudanganya. Nikiandika ghuba nyingine, nimetoa ushahidi wa uongo, na nimempoteza anayetaka kumlinda samaki huyo.

Tumefanywa makhalifa katika ardhi. Mchunga asiyewajua anaowachunga atajibu nini Siku ya Hesabu?

Wallahu a'lam.