Je, Kukosekana kwa Kitu ni Ushahidi?

Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini je, kukosekana kwa kitu nako kwaweza kuwa dalili? Mwenzetu asipoonekana darasani, twamwita mvivu. Kitabu kikipotea, aliyekaa karibu nacho huitwa mwizi. Naona fizikia ya viini vya atomu yaweza kutufundisha kuhukumu kwa tahadhari zaidi.

Viini viwili vya atomu za madini ya risasi vikigonganishwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, huzaa joto linalozidi lile la kitovu cha jua zaidi ya mara 100,000. Katika joto hilo kwaki, yaani chembe zinazounda protoni na nyutroni, hufunguka zikawa mfano wa uji. Uji huo hutoweka kabla hatujaweza kuupima wenyewe. Mwaka 1986 Tetsuo Matsui na Helmut Satz walipendekeza njia ya kuutambua: tuangalie kinachopungua. Chembe iitwayo J/psi ni kwaki nzito iliyoshikamana na kinyume chake. Ndani ya uji, chembe nyingine huziba mvuto kati ya hizo mbili, nazo huachana. Basi J/psi zikiwa chache kuliko zilivyotarajiwa, huenda uji ulikuwepo.

Majaribio ya CERN, karibu na Geneva, yaliuona upungufu huo katika miaka ya 1990. Hata hivyo, kiini kisicho na joto hilo nacho hupunguza J/psi. Ilibidi kugonganisha protoni na viini ili kujua upungufu wa kawaida ni upi. Baadaye mtambo wa LHC ulitumia nishati kubwa zaidi, lakini upungufu ukawa mdogo kuliko ule wa Brookhaven, Marekani. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kwaki nzito zilizalishwa kwa wingi, hata zilizoachana zikapata wenzi wapya. Kumbe aliyepo si lazima awe aliyenusurika.

Mtu ataniuliza: kama ni hivyo, kukosekana kwathibitisha nini? Namjibu kwa chembe za upsiloni. Katika LHC, upsiloni zilizoshikamana kwa ulegevu zilipungua zaidi ya zile zilizoshikamana kwa nguvu, kama ilivyotarajiwa. Upungufu wenye utaratibu kama huo una uzito wa ushahidi.

Kwa hiyo, anayemshtaki mwenzake kwa sababu ya kitu kisichoonekana ana deni la maswali matatu. Je, kilitarajiwa kuwepo? Je, sababu nyingine zimechunguzwa? Je, namna kilivyokosekana inaafikiana na shtaka? Asipoweza kuyajibu, na asubiri.