TUMTAYARISHIE MTOTO KABLA YA MIMBA

Neno la familia. Somo: Waamuzi 13:2-14, Yeremia 29:4-7, Luka 14:28-30

 

Kanisani tunafundisha juu ya ndoa, na mtoto akizaliwa tunamleta mbele tumwombee. Lakini ile miezi iliyo katikati, kabla mimba haijashikwa, tunainyamazia kana kwamba Mungu hana neno juu yake. Kumbe analo. Leo tunataka kusema na baba na mama wanaotamani mtoto, na vijana wanaojitayarisha kwa ndoa.

1. Je, tuzae ugenini?

Katika makazi tunasikia sauti mbili. Ya kwanza inasema: "Tusubiri. Tutazaa tukifika nchi ya tatu." Wengine wamengoja ndege hivyo miaka mingi. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshafunga mizigo zikabaki. Sauti ya pili inasema: "Tuzae tu, Mungu atalisha. Vita ilimaliza watu wetu, lazima tujaze nafasi zao."

Nabii Yeremia aliwaandikia barua watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli. Hanania alikuwa ametabiri kwamba utumwa utaisha kwa miaka miwili (Yeremia 28). Watu walipenda neno hilo, lakini halikutoka kwa Bwana. Yeremia aliwaambia kweli iliyo ngumu: miaka sabini. Akawaagiza wasisimamishe maisha. Wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula mazao yake, waoe na kuzaa, waongezeke wala wasipungue.

Basi kuzaa ugenini si dhambi wala si upumbavu. Mtoto anayezaliwa chini ya turubai ni baraka kamili, si nusu baraka. Lakini angalieni mpangilio wa barua ile: nyumba, bustani, chakula, ndipo watoto. Matayarisho yanatangulia.

Na kwa ninyi mliozika watoto katika njia ya kukimbia, tunalia pamoja nanyi. Mtoto mpya hawezi kuchukua nafasi ya yule aliyelala. Yeye ni mtu mwingine, mwenye jina lake. Tusimpe mzigo huo kabla hajazaliwa.

2. Malaika aliyekuja mapema

Manoa alikuwa mtu wa Sora, wa kabila la Dani. Wakati ule Israeli walikuwa mikononi mwa Wafilisti kwa miaka arobaini. Mke wake alikuwa tasa. Malaika wa Bwana akamtokea huyo mama na kumwahidi mwana. Pamoja na ahadi akampa maagizo juu ya mwili wake: ajihadhari, asinywe divai wala kileo, asile kitu kilicho najisi.

Wapendwa, malaika hakungoja tumbo lionekane. Ahadi na maagizo vilikuja siku moja. Mama yule hakusema, "Kama Mungu ameahidi, nitakula na kunywa nipendavyo." Imani yake ilionekana katika chakula chake.

Tena mwangalieni Manoa. Mke alipomweleza habari, hakusema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Aliomba mtu wa Mungu arudi awafundishe wote wawili jinsi ya kumtendea mtoto atakayezaliwa. Akina baba, hiyo ndiyo sala yetu: tufundishwe pamoja na wake zetu.

3. Kuutayarisha mwili

Mwili wetu ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19). Haya ndiyo tunayoomba kila nyumba ifanye kabla ya mimba.

Kwanza, nendeni wote wawili kituo cha afya mkapimwe: virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini aina ya B, wingi wa damu, presha na sukari. Msiogope jibu. Mama mwenye virusi asipotibiwa, kati ya watoto mia 15 hadi 45 wanaweza kuambukizwa. Akimeza dawa vizuri tangu mapema, hatari hiyo inashuka chini ya watoto 5 katika mia. Kujua mapema ni kumlinda mtoto.

Pili, ulizeni juu ya ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita SS. Ikiwa baba ni AS na mama ni AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa, wasijue. Ugonjwa huu hutoka katika damu ya wazazi wote wawili. Si uchawi wa shangazi, si laana ya ukoo, wala si kosa la mama peke yake. Ni nyumba ngapi zimevunjika kwa kukosa kujua hilo!

Tatu, vidonge vya asidi ya foliki. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungika katika siku 28 hivi za kwanza, wakati mama wengi hawajajua kama wana mimba. Siku hizo hazingoji kliniki. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mama ameze mikrogramu 400 kila siku tangu anapoanza kutafuta mimba mpaka wiki ya 12. Ulizeni kituo cha afya au duka la dawa.

Nne, chakula cha kuongeza damu. Hatuna nyama kila siku, lakini tunayo maharage, lengalenga, sombe, majani ya maboga na ndagala. Ongezeni limau au nyanya, kwa sababu husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai inyweni mbali na chakula, kwa maana huyazuia. Mama anayekula udongo auache, na aeleze muuguzi.

Tano, pombe na tumbaku tuache sasa, mke na mume. Kwa mwenye mimba hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama, hata kama ni ya kienyeji. Laleni ndani ya neti, na homa ikija mpimwe malaria upesi. Mwenye kifafa, presha au sukari amwone daktari kabla ya mimba, maana baadhi ya dawa zinaweza kumdhuru mtoto na daktari anaweza kuzibadili. Lakini asiziache mwenyewe kwa siri.

Sita, pumziko. Baada ya kuzaa, mama angoje angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Baada ya mimba kutoka, angalau miezi sita. Wauguzi wataeleza njia za kupanga. Hata shamba huachwa lipumzike, na mama si shamba, ni mtu. Na binti zetu walio chini ya miaka 18 tusiwaharakishe kuolewa ili tupunguze midomo nyumbani. Mwili wao haujakomaa kwa kazi hiyo.

4. Kuutayarisha mfuko

Bwana Yesu alisema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara. Huketi kwanza, ahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza. Hakumlaumu aliye na pesa kidogo. Alimwonya asiyehesabu.

Tunajua hali ilivyo. Tangu mwaka 2023, hapa Uganda msaada wa chakula umegawanywa kwa makundi ya familia, na mwaka 2025 watu wengi sana waliondolewa kabisa. Kwa hiyo hatusemi, "Ngojeni mpaka muwe matajiri." Tungesema hivyo, hakuna ambaye angezaa. Tunasema: ketini, mhesabu.

Chukueni daftari. Andikeni sabuni, beseni, nguo za mtoto na vitenge, vifaa vya kujifungulia iwapo kituo kimeishiwa, boda ya usiku kwenda kituoni, chakula cha mama siku arobaini, na mtu atakayebaki na watoto wakubwa. Kisha mgawanye kwa wiki. Nyumba inayoweka shilingi 2,000 kila wiki kwa miezi sita kabla ya mimba, ikaendelea miezi tisa ya mimba, itakuwa na shilingi 130,000 hivi siku ya kuzaa. Ikianza mwezi wa mwisho, itakuwa na 8,000.

Pesa ya nyumbani hukimbia. Afadhali kikundi cha kuweka na kukopa: kisanduku cha kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hesabu mbele ya wote, na mgao mwisho wa miezi 9 hadi 12. Likelemba pia ni nzuri kwa watu wanaoaminiana. Ombeni zamu yenu iangukie karibu na kuzaa. Lakini msiweke kadi ya chakula rehani kwa mkopeshaji. Ukiweka kadi, umeweka sahani ya watoto wote.

Na bustani ya Yeremia isisahauliwe. Hata mita chache kando ya nyumba zinaweza kuotesha lengalenga na vitunguu, zikimwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Hiyo ni dawa ya damu na ni pesa iliyobaki mfukoni.

5. Neno kwa wengine

Pengine unasoma na mimba imekwisha kuingia bila matayarisho. Usihukumiwe. Anza leo. Nenda kliniki kabla ya wiki ya 12, na kanisa likusaidie. Akina mama wa kikundi cha maombi, mpeni mama huyo kuni, maji na bakuli la maharage pamoja na maombi.

Pengine miaka inapita na mtoto haji. Biblia inamtaja mke wa Manoa kuwa tasa bila kumtupia lawama. Mkae mwaka mmoja mkijaribu, kisha mwende kwa daktari wote wawili. Mke akizidi miaka 35, msingoje zaidi ya miezi sita. Tatizo huweza kuwa upande wa mume pia. Asifukuzwe mama yeyote kwa sababu hiyo.

Mwana wa Manoa alizaliwa, akaitwa Samsoni. Neno linasema Roho wa Bwana alianza kumsukuma akiwa Mahane-dani (Waamuzi 13:25), na maana ya jina hilo ni kambi ya Dani. Kambini, wapendwa! Roho hakungoja mtoto yule ahamie mahali pazuri. Wala hatangoja kwa ajili ya watoto wetu. Kazi yetu ni kumpokea mtoto kama wageni wanavyopokelewa nyumbani kwetu: maji yamechotwa, mahali pamefagiwa, chakula kipo hata kama ni kidogo.

Ya kuzungumza nyumbani wiki hii: Tutakwenda kupimwa siku gani? Tutaacha nini? Tutaweka shilingi ngapi, na wapi?

Tuombe: Baba wa mbinguni, uliyemsikia Manoa, utusikie na sisi. Utufundishe la kufanya kwa mtoto utakayetupa. Uwatie nguvu wanaongoja, uwafariji waliozika, utupe hekima ya kuhesabu na moyo wa kusaidiana. Katika jina la Yesu. Amina.

Idara ya Familia