Kalamu ya Mshauri na Amana ya Siri

Je, mtu aliyekabidhiwa siri za wenziwe, ambaye kazi yake ni kusikiliza majonzi ya watu na kuyasitiri, ana haki ya kuyaandika? Suali hili huwakabili washauri nasaha kila msimamizi wa kazi yao anapowataka watunge barua, hadithi au shairi kutokana na kazi yao. Na wenye dhamira safi husita, kwa kuwa siri ni amana, na kukhini amana ni katika alama za mnafiki.

Haja ya mshauri kusimamiwa na mkubwa wake haina shaka. Mwaka 1910 Sigmund Freud, mwasisi wa uchambuzi-nafsi, alikwisha kuonya kwamba mgonjwa huzitibua hisia za tabibu wake, na kwamba tabibu hawezi kumfikisha mwenziwe mbali kuliko alipofika yeye katika kuijua nafsi yake. Na katika zahanati iliyofunguliwa na wafuasi wake mjini Berlin mwaka 1920, wanafunzi walitibu chini ya jicho la wakubwa wao. Lakini msimamizi hakai chumbani pamoja na mshauri na mteja. Husikia yale tu anayosimuliwa, na ulimi, mbele ya mkubwa, ni hodari wa kujipamba. Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyetenga kitabu kizima cha Ihya yake kwa ajili ya muraqaba na muhasaba, yaani kujichunga na kujihesabu, alitaka mja aihesabu nafsi yake kama mfanyabiashara amhesabuvyo mshirika, faida kwa hasara; na hesabu ya namna hiyo haitimii kwa maneno yapitayo hewani, bali huhitaji daftari.

Lakini ikiwa haja ni daftari, barua na hadithi za kubuni zina kazi gani? Hapa ndipo penye pingamizi kubwa. Mshauri akiandika kwa sauti ya mjane aliyemjia, atakuwa amemzulia maneno, na kujidai kuingia katika moyo ambao mjuzi wake ni Mungu peke yake. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama maandishi hayo yangesomwa kuwa habari za mjane. Lakini kilichobuniwa ni ushahidi juu ya aliyekibuni. Mshauri aandikaye kwa sauti ya mjane barua iliyojaa shukrani ameidhihirisha kiu yake ya kushukuriwa. Na yule atiaye humo ghadhabu ambayo mjane hakuionyesha, huenda ameifukua ghadhabu ya msiba wake wa zamani, ambayo bila ya kujua amekuwa akimtwika mwenziwe. Msimamizi mwerevu haulizi kama barua ni nzuri. Huuliza ni nani anayesema humo.

Kutokana na hayo huzaliwa masharti. Jina, mtaa na kila alama ya mteja visiandikwe. Yaliyobuniwa asirudishiwe mteja kana kwamba aliyasema yeye. Wala utunzi usipimwe kwa ufasaha, maana atafutaye sifa atajipamba upya. Tena faraja ya mwandishi isifanywe kuwa ndiyo makusudio. Watafiti Pennebaker na Beall wa Marekani walionyesha mwaka 1986 kwamba wanafunzi walioandika masaibu yao na hisia zake kwa siku nne walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao katika miezi iliyofuata, nayo ni heri kubwa. Ila mshauri aliyeutua mzigo wake karatasini asidhani kuwa mteja naye ametua.

Mshauri, basi, anayo haki ya kuandika, lakini haki hiyo ni juu ya nafsi yake ilivyokuwa mbele ya mwenziwe. Siri ya mteja haikuwa halali kwa ulimi, wala haihalaliki kwa kalamu.