Mlinzi wa Laptopu Yako: Ana Nguvu, Lakini Je, Ni Mwaminifu?



Kila muhula unapoanza, wanafunzi hupeana flashi na kuulizana swali lilelile: "Una antivairasi nzuri?" Mwenye nayo huitoa, mwenzake huiweka, na mambo huishia hapo. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: huyu niliyemkabidhi laptopu yangu ni nani, na anafanya nini humo ndani?

Swali hili si dogo. Programu ya kuzuia virusi haiwezi kufanya kazi mpaka iruhusiwe kusoma mafaili yetu yote, na nyingi huangalia pia kila ukurasa tunaoufungua kwenye intaneti. Mwizi hutafuta njia ya kuingia. Mlinzi tumempa ufunguo sisi wenyewe. Kwa hiyo kumweka ni kumpa amana.

Amana hiyo imewahi kuvunjwa. Kampuni ya Avast iliwaahidi watumiaji kwamba itawakinga na wanaowafuatilia mtandaoni. Kumbe kupitia tawi lake liitwalo Jumpshot ilikuwa ikiuza taarifa za kurasa walizotembelea. Tawi hilo lilifungwa mwaka 2020, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Tume ilieleza kwamba taarifa zilizouzwa ziliweza kufichua hata dini ya mtu na maradhi yake.

Sisi wa mashariki ya Uganda tunaijua habari ya mlinzi asiyeulizwa, hata bila kompyuta. Kituo cha polisi cha Nalufenya, pale Jinja, kilitumika kuwashikilia watuhumiwa wa makosa makubwa, na hoja ilikuwa usalama wa raia. Baada ya afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi kuuawa Machi 2017, Waislamu wengi walikamatwa, na baadhi yao walipelekwa huko. Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamuru washukiwa 22 walipwe fidia ya shilingi milioni 80 kila mmoja kwa mateso waliyolalamikia. Aprili 2018 mkuu mpya wa polisi, Okoth Ochola, akafunga mahabusu ile.

Silinganishi taarifa iliyouzwa na mwili uliopigwa; hayo hayalingani. Ninachotaka tukione ni kimoja: katika mambo yote mawili, jina la ulinzi lilitosha kuwanyamazisha watu wasiulize. Na katika yote mawili, mambo yalibadilika pale mtu mwingine alipofungua mlango na kutazama.

Je, basi tusimwamini yeyote? Hapana. Hatari ipo kweli. Mwaka 2015 shirika la Privacy International liliripoti kwamba vyombo vya usalama vya Uganda vilitumia programu ya kijasusi ya FinFisher dhidi ya wapinzani, katika operesheni iliyopewa jina la Fungua Macho. Serikali ilikana. Na mbali na mambo ya siasa, virusi vya flashi vinaweza kuharibu utafiti wa miaka mitatu kwa dakika chache. Kukataa ulinzi wote si uchaji Mungu.

Qur'an inatupa kipimo. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.) kwa sababu mbili: ana nguvu, na ni mwaminifu. Nguvu za antivairasi hupimwa. Maabara kama AV-TEST ya Ujerumani hutangaza ni ipi inakamata virusi vingi zaidi. Uaminifu hauonekani kwenye jedwali hilo. Tunapaswa kuuliza: anapata wapi riziki yake kama hanitozi kitu? Anachukua nini kwangu? Na akikosea, nani ana uwezo wa kumhoji?

Kuuliza hivyo si dhana mbaya. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini waandikiane deni na kuweka mashahidi. Waumini kwa waumini! Hati na shahidi hulinda udugu wao. Basi kampuni ya mbali ambayo hatuijui inastahili shahidi zaidi, wala haina haki ya kuona vibaya ikiulizwa.

Sasa tujigeukie. Wengi wetu tunatumia antivairasi ya kulipiwa iliyofunguliwa kwa njia ya wizi. Tunadai mlinzi mwaminifu, na mkataba wetu wa kwanza naye ni hiana. Tena hatujui aliyeivunja ameongeza nini ndani yake. Mwenye Windows tayari anayo Defender bila malipo. Aihuishe, aweke nakala ya kazi zake, na aondoe asichokihitaji.

Na wewe unayewatengenezea wenzako kompyuta hapa chuoni: dada anapokuachia laptopu yake usiku mmoja, picha zake na barua zake zote ziko mikononi mwako. Hakuna FTC katika chumba chako. Nguvu unazo, kwani ndiyo maana amekuletea. Lililobaki ni lile la pili, na shahidi wake ni Allah peke yake.

Wallahu a'lam.